Barua ya wazi kwa wakuu wa mitandao ya kadi: bomba mlilolifunga silo linalovuja

Kwa: Wakurugenzi wakuu wa Visa na Mastercard, na wakuu wa benki zinazopokea malipo ya kadi kwa niaba ya tovuti za watu wazima

YAH: MASHARTI YA MALIPO KATIKA BIASHARA YA VIDEO ZA NGONO MTANDAONI

Waheshimiwa,

Tunawasalimu kwa heshima. Sisi ni watu wa hesabu na malipo ya kadi. Ndio tunaojaza fomu za usajili wa biashara mnazoziita hatarishi, ndio tunaolinganisha taarifa za malipo kila mwisho wa mwezi, na kanuni zenu tunazijua kwa namba. Barua hii haitetei video za ngono wala haizilaani. Kila msomaji ana lake kuhusu hilo na hatutambadilisha. Inahusu pesa: zinapita wapi, zinakatwa na nani, na zikizuiliwa anaumia nani.

Njia ya faragha imekwisha. Tovuti ikilalamika kwa kampuni inayoichakatia malipo, huambiwa uamuzi ni wa benki. Benki husema hizo ni kanuni za mtandao wa kadi. Mtandao wa kadi husema hauna mkataba na tovuti, mkataba wake ni na benki. Anayedai haki yake hupigwa danadana mpaka achoke. Ndiyo maana tunaandika mbele ya watu.

Kwa msomaji asiye wa fani, tuanze na jinsi dola 20 zinavyoliwa.

Mteja analipa dola 20 kwa kadi. Kadi imetolewa na benki yake, tovuti ina benki yake, na katikati mmekaa ninyi. Duka la viatu la mtandaoni hukatwa asilimia 2 au 3. Tovuti ya ngono huwekwa kwenye msimbo wa biashara 5967, ambao kwa jina ni wa mauzo yanayopokelewa kwa simu, na kampuni zilizobobea kwenye kazi hii hukata asilimia 10 hadi 15. Juu yake kuna ada za usajili za kila mwaka, mamia ya dola kwa kila mtandao wa kadi, hata kama mwenye tovuti ni mtu mmoja na kamera yake. Kisha kuna dhamana: asilimia 5 hadi 10 ya kila malipo hushikiliwa kwa miezi kama 6, ili wateja wakidai pesa zao benki isipate hasara.

Tuseme ada ni asilimia 12 na dhamana asilimia 10. Malipo 100 ya dola 20 ni dola 2,000. Ada inaondoka na 240, dhamana inashikilia 200, zinabaki 1,560. Wateja wawili wakiyakana malipo kwenye benki zao, dola 40 zinarudi kwao, na kila shauri la namna hiyo likitozwa dola 25 zinaondoka nyingine 50. Mkononi zimebaki 1,470, kabla ya gharama za seva, kodi na mhariri wa video.

Majukwaa makubwa hufanya hesabu kwa namna nyingine. OnlyFans, jukwaa ambako watu huuza video zao wenyewe, huchukua asilimia 20 na gharama za kadi huzibeba ndani ya hiyo 20. Katika mwaka wa hesabu ulioishia Novemba 2024, wateja walilipa dola bilioni 7.22, kampuni ikabaki na mapato ya bilioni 1.41, faida kabla ya kodi ikawa milioni 684, na mmiliki akapata gawio la milioni 701. Akaunti za wanaouza zilikuwa milioni 4.6. Gawanya asilimia 80 ya bilioni 7.22 kwa akaunti hizo, unapata kama dola 105 kwa mwezi kwa kila akaunti. Wastani huo nao unadanganya, kwa kuwa akaunti nyingi zimelala na wachache wa juu huchukua sehemu kubwa ya chungu. Anayesimamiwa na wakala humwachia wakala sehemu nyingine, pengine hata nusu.

Kwenye kamera za moja kwa moja hesabu huendeshwa kwa tokeni, yaani sarafu za tovuti yenyewe. Chaturbate imekuwa ikiuza tokeni 100 kwa dola 10.99 na kumlipa mhusika, aliye mbele ya kamera, senti 5 kwa tokeni, yaani dola 5. Mteja akinunua tokeni 1,000 kwa dola 79.99, mhusika hupata 50. Anayenunua kidogo hulipa ghali zaidi, na tofauti hiyo haimfikii aliye mbele ya kamera.

Sasa tuingie kwenye madai yetu.

1. Mnafunga mlango wa mfanyakazi na kuuacha wazi wa matangazo.

Tarehe 4 Desemba 2020 Nicholas Kristof aliandika katika New York Times kuhusu video za watoto na za watu waliobakwa zilizokuwa Pornhub, tovuti ya bure ya video za ngono. Tarehe 10 mkasitisha kadi zenu kwenye tovuti hiyo. Tarehe 14 tovuti ikaondoa video zote za waliopakia bila kuthibitishwa utambulisho, zaidi ya nusu ya maktaba yake nzima. Tunakiri bila kusita: siku nne za kufunga malipo zilifanya kazi ambayo miaka ya malalamiko ya waathirika haikuifanya. Hakuna mdhibiti yeyote wa serikali aliyewahi kuitikisa biashara hii kwa kasi hiyo.

Lakini tazameni mlichokifunga. Wahusika waliokwisha kuonyesha vitambulisho na waliokuwa wakiuza video zao kwenye tovuti ileile walikosa malipo ya kadi tangu siku hiyo. Tovuti za studio za mmiliki yuleyule, kampuni iliyoitwa MindGeek na sasa inaitwa Aylo, Visa ilizifungulia tena kabla ya mwaka kuisha. Na TrafficJunky, kitengo cha matangazo cha kampuni hiyo, kiliendelea kulipwa kwa kadi hadi tarehe 4 Agosti 2022. Kilichowafanya mkifungie hatimaye ni uamuzi wa Jaji Cormac Carney wa California, aliyekataa tarehe 29 Julai kuitoa Visa katika kesi ya Serena Fleites, ambaye video yake ya utotoni iliwekwa Pornhub. Kutoka Desemba 2020 hadi Agosti 2022 ni karibu miezi 20.

Tovuti ya bure huuza macho. Mtangazaji, mara nyingi tovuti ya kamera, muuza dawa za nguvu au tovuti ya kutafuta wapenzi, huweka pesa kwenye akaunti ya matangazo, huchagua nchi na aina ya video, kisha hushindana bei kwa kila mara 1,000 tangazo linapoonekana. Pesa hiyo huingia video ikiwa halali au haramu, mwenye sura akiwa ameridhia au ameibiwa. Haifungamani na video yoyote. Mauzo ya video moja kwa kadi yana alama kila hatua: aliyenunua, aliyeuza, kitambulisho, tarehe. Kwa hiyo mliifunga ile njia ambayo mkaguzi angeweza kuifuata kwa kidole, na mkaiacha ile inayolipa kila kitu kwa pamoja. Mtu wa hesabu akiona hivyo hujiuliza kama aliyeamua aliwahi kufungua leja ya tovuti ya aina hii.

2. Mnahesabu karatasi za ridhaa bila kuuliza ridhaa ilipatikanaje.

Kanuni ya Mastercard iliyoanza kutumika Oktoba 2021 inataka umri na utambulisho wa kila anayeonekana na kila anayepakia, ridhaa iliyoandikwa, na video ikaguliwe kabla ya kuchapishwa. Ni hatua nzuri. Marekani yenyewe, kwa kifungu cha 2257 cha sheria zake za jinai, imedai kumbukumbu za umri tangu 1988.

Kasoro yake inaonekana kwenye kesi ya GirlsDoPorn, tovuti ya video za ngono ya San Diego. Wanawake walikuwa watu wazima, vitambulisho vilikuwepo, mikataba ilitiwa saini. Waliambiwa video zitauzwa kwa DVD nchi za mbali na hazitaingia mtandaoni. Zikaingia. Januari 2020 mahakama ya San Diego iliwapa wanawake 22 jumla ya dola milioni 12.775 kwa udanganyifu huo. Desemba 2023 Aylo, iliyokuwa imeipokea GirlsDoPorn kama mshirika wa maudhui, iliingia makubaliano na waendesha mashtaka wa New York, ikakubali kulipa zaidi ya dola milioni 1.8 na kuwekewa msimamizi kwa miaka 3. Fomu zenu zote za leo zingejazwa na genge lile bila kukosa hata sanduku moja, kwa sababu anayejaza ni mtayarishaji.

Dawa yake haihitaji teknolojia mpya. Anayeonekana afunguliwe akaunti yake mwenyewe, kwa simu na barua pepe yake, si za mtayarishaji. Kabla video haijaanza kuuzwa atumiwe ujumbe wenye majina ya tovuti itakazowekwa, kwa lugha anayoisoma, athibitishe baada ya saa 72 kupita tangu siku ya kurekodi, akiwa amekwisha kuondoka kwenye chumba cha kurekodia. Majukwaa tayari hutuma ujumbe wa namna hiyo kuthibitisha akaunti ya benki.

3. Siku 7 za kazi ni nyingi mno.

Kanuni hiyohiyo ya Mastercard inatoa siku 7 za kazi kushughulikia malalamiko. Hesabuni nasi: mwanamke anayelalamika Ijumaa jioni atasubiri hadi Jumanne ya wiki ya tatu, siku 11 kwa kalenda. Ndani ya siku hizo video imekwisha kupakuliwa, kukatwa vipande na kuzungushwa WhatsApp na Telegram. Sheria ya Marekani iliyotiwa saini 19 Mei 2025 inazipa tovuti saa 48 kuondoa picha za faragha zilizowekwa bila ridhaa. Kanuni yenu imebaki nyuma ya sheria ya nchi mlikozaliwa.

Na wakati wa kusubiri, pesa inaendelea kuingia. Hakuna sharti linaloitaka tovuti ishikilie mapato ya video inayolalamikiwa. Mnaweza kushikilia asilimia 10 ya mauzo yote kwa miezi 6 kuilinda benki. Basi mnaweza kushikilia asilimia 100 ya mauzo ya video moja kwa saa 48 kumlinda mtu.

Kwa wasomaji wa huku kwetu kuna jambo la ziada. Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaharamisha kuchapisha ponografia. Aliyevujishiwa video huogopa kwenda polisi asije akageuziwa kibao. Kwake yeye fomu ya tovuti ndiyo mlango pekee, na fomu nyingi ziko kwa Kiingereza, zinadai anwani ya wavuti ya kila nakala, na nyingine zinamtaka atume kitambulisho kwa walewale anaowalalamikia. Inatosha kuchukua alama ya kidijitali ya faili ili nakala zake zote zitambuliwe, kama inavyofanya huduma ya StopNCII, ambapo video yenyewe haitoki hata kwenye simu ya mlalamikaji.

4. Kukanwa kwa malipo mnakohesabu ni matokeo, chanzo mmekiacha.

Mastercard humweka muuzaji kwenye uangalizi akifikisha mashauri 100 kwa mwezi na asilimia 1.5 ya miamala. Muuzaji mdogo hafikii 100, lakini hupitia kampuni ya uchakataji inayobeba wauzaji wengi chini ya mwavuli mmoja, na kampuni hiyo, kwa kuogopa takwimu zake, humkata yeye kwa asilimia peke yake. Mwenye miamala 200 akipata mashauri 3 tayari yuko 1.5.

Malipo hukanwa kwa sababu tatu. Kadi imeibwa kweli. Au mwenye kadi alinunua mwenyewe, mwenzi wake akaiona taarifa ya benki kabla yake. Au alinaswa: jaribio la dola 1 kwa siku 2 linalogeuka dola 39.95 kila mwezi, na kisanduku kilichowekewa alama tayari kinachomsajili kwenye tovuti ya pili asiyoijua. Mtego huu ni wa zamani. Mwaka 2000 FTC, tume ya Marekani inayolinda walaji, iliishtaki Crescent Publishing Group kwa kuomba namba ya kadi eti ya kuthibitisha umri, kisha kuitoza. Mwaka uliofuata kesi ikamalizwa kwa dola milioni 30. Mwaka huohuo wa 2000 American Express ilijitoa kabisa kwenye biashara hii kwa wingi wa mashauri.

Jina linaloonekana kwenye taarifa ya benki hufichwa ili kumlinda mteja, na ufiche huo ndio unaozaa mashauri, maana nafasi yenyewe ni ya herufi ishirini na ushei tu. Wanaofanya vizuri huweka humo namba ya simu au tovuti ya huduma. Mteja anaingiza tarakimu 6 za mwanzo na 4 za mwisho za kadi, anaona alinunua nini, anafuta na kurudishiwa papo hapo. Kurudisha dola 20 ni nafuu kuliko shauri la dola 20 pamoja na faini na doa kwenye takwimu. Lifanyeni hilo sharti. Visa ilileta mwaka 2020 kanuni za majaribio ya bure, za kumjulisha mteja kabla ya kutozwa. Kanuni ni nzuri, wa kuikagua haonekani. Kenya, tangu 2022 mwenye M-Pesa hufungua kadi ya Visa ya kidijitali, GlobalPay, na kulipa wauzaji wa ng'ambo. Mitego iliyokuwa ya wenye akaunti za dola sasa inamfikia yeyote mwenye laini ya simu.

5. Hukumu bila hakimu.

Tarehe 19 Agosti 2021 OnlyFans ilitangaza kwamba kuanzia 1 Oktoba video za ngono hazitaruhusiwa. Tarehe 25 ikafuta tangazo. Mkuu wake wa wakati huo, Tim Stokely, alizitaja benki kuwa sababu. Kwa siku sita mamia ya maelfu ya watu hawakujua kama kazi yao ingekuwepo Oktoba, na hakuna ukurasa wowote wa kanuni ambao wangeweza kuufungua wakasoma walichokosea.

Julai 2025 yakatokea kwenye michezo ya kompyuta. Kampuni ya Valve iliondoa baadhi ya michezo ya ngono kwenye Steam, duka lake la mtandaoni, na kueleza kwamba wachakataji walinukuu kanuni 5.12.7 ya Mastercard, inayohusu kuharibu sifa ya chapa. Mastercard ikasema haikukagua mchezo wowote wala kudai uondolewe. Huenda wote wawili wanasema kweli, na hapo ndipo ubaya ulipo: kanuni pana kiasi kwamba kila aliye chini huikaza zaidi kwa woga, na aliye juu hubaki na mikono safi.

Muuzaji akifungiwa, jina lake na la wakurugenzi wake huweza kuingizwa kwenye MATCH, orodha ya Mastercard ya wauzaji waliofungiwa, kwa miaka 5. Ni vigumu benki nyingine kumpokea. Anayeweza kumtoa ni ileile benki iliyomweka.

6. Kadi zikifungwa, biashara huhamia sarafu za kripto na madalali wa kutuma pesa. Pornhub ilihamia huko mwezi uleule wa Desemba 2020. Ufuatiliaji hapo ni mgumu zaidi, na mhusika anakatwa mara mbili akibadilisha.

Tunajua mtakavyojibu. Mtasema ninyi si mahakama, mnabeba tu malipo halali. Hoja hiyo ilikuwa na nguvu kabla ya Oktoba 2021. Mtu aliyekwisha kuandika masharti ya ridhaa, ukaguzi na malalamiko hawezi kurudi akajiita mpagazi. Mtasema mkataba wenu ni na benki. Sawa, basi iandikeni haki ya kukata rufaa kwenye mkataba huo na benki, kama mlivyoandika ada. Mtasema miamala ni mingi mno kukaguliwa. Hatuombi mkague miamala. Tunaomba mtumie mifumo mliyonayo: kushikilia, kuhesabu na kusajili. Na mtasema mnalinda chapa. Hilo tunalielewa, ila chapa yenu ilikuwa kwenye matangazo kwa miezi 20 na hamkuona haja ya kuilinda mpaka jaji alipozungumza.

Tunachoomba, ndani ya siku 90 kuanzia leo:

Kwanza, kila mnapositisha tovuti, usitishaji uanze na malipo ya matangazo na ya mmiliki; mapato ya wahusika waliothibitishwa yalipwe hadi siku ya mwisho, na dhamana yao irudishwe kwa ratiba iliyotangazwa.

Pili, siku 7 za kazi ziwe saa 48, na mapato ya video husika yashikiliwe tangu malalamiko yanapopokelewa. Fomu iwe kwa lugha za watumiaji, Kiswahili kikiwemo.

Tatu, ridhaa ithibitishwe na mwenye sura kupitia akaunti yake, nje ya mikono ya mtayarishaji.

Nne, chapisheni kanuni za msimbo 5967 kikamilifu, pamoja na tafsiri yenu ya 5.12.7, na kila mwaka mtangaze idadi ya tovuti zilizositishwa na sababu zake.

Tano, anayewekwa kwenye MATCH apewe sababu kwa maandishi na msikilizaji wa rufaa ambaye si benki iliyomweka.

La sita ni dogo na linaweza kufanyika kesho: namba ya simu au tovuti ya huduma kwenye kila taarifa ya kadi, na kisanduku chenye alama tayari kipigwe marufuku.

Jibu tunaliomba kwa maandishi na hadharani, na litaje kila ombi kwa namba yake.

Wenu katika kazi,

Wahasibu na maofisa wa malipo ya kadi